Vyumba vya watoto katika nyumba ya zamani ya vyumba sita: ukuta ubaki, watu wahame

SWALI: Tumerithi nyumba ya baba mkwe Ngamiani, Tanga. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, vitatu kulia na vitatu kushoto, kila kimoja futi 10 kwa 12. Jiko, bafu na choo viko uani. Imejengwa kwa matofali ya saruji mwishoni mwa miaka ya sitini, bati limebadilishwa mara moja, na baraza inatazama mashariki. Wapangaji wameondoka na sasa tunahamia wenyewe: mimi, mume wangu, binti wa miaka 12, wavulana wa miaka 9 na 5, mtoto wa miezi 10, pamoja na mama mkwe. Mume wangu anataka kubomoa ukuta kati ya chumba cha kati na cha nyuma upande wa kulia ili watoto wapate chumba kimoja kikubwa chenye dabo deka mbili. Fundi anasema kazi hiyo ni ya siku moja. Ukuta wa chini una chumvichumvi na rangi inabambuka. Tuanzie wapi?

JIBU: Pole na kazi, dada, na hongereni kwa kuamua kuishi katika nyumba ya mzee. Naanza na la ukuta kwa sababu ndilo lisilorudishika: msimruhusu fundi aubomoe. Nyumba yenu ina vyumba vya kutosha, na shida mnayotaka kuitatua kwa nyundo inatatulika kwa kuwapanga watu upya, kufungua matundu machache ya hewa na kutoboa mlango mmoja.

Ukuta kati ya vyumba viwili una kazi mbili katika nyumba za aina hii. Kazi ya kwanza ni kushikilia paa. Nyumba nyingi za zamani hazina kenchi kamili zilizounganishwa kuanzia ukuta wa nje hadi wa nje. Utakuta mbao zimeegemezwa kwenye vijiti vifupi, na vijiti hivyo vimekalia kuta za ndani. Ukiuondoa ukuta, kijiti kinabaki hewani au kinawekewa ubao wa kukisaidia, halafu paa linaanza kushuka polepole. Hutaona kitu wiki ya kwanza. Dalili zinakuja baadaye: milango inakwama, bati linaachia misumari, na masika yakiingia nyumba inavuja mahali ambapo haijawahi kuvuja.

Kazi ya pili wengi hawaijui. Ukuta wa korido una urefu wa futi 36 na unene wa tofali moja tu. Unasimama wima kwa sababu kuta zinazogawa vyumba zinaukamata kila baada ya futi 12. Toa mmoja, na kipande cha futi 24 kinabaki bila mkamato. Katika nyumba ya zama hizo, ambayo pengine haina lenta (mkanda wa zege lenye nondo) inayozunguka juu ya kuta zote, huko ni kukaribisha nyufa. Wazo la kubomoa likirudi siku nyingine, kwanza mtu apande darini na tochi aangalie kilichokalia juu ya ukuta ule, kisha aje mhandisi, na kibali kitoke Halmashauri ya Jiji. Kauli ya fundi peke yake haitoshi.

Hata kama ukuta ungekuwa haubebi kitu, chumba kimoja cha watoto wote kisingewafaa. Binti ana miaka 12, na malazi yake yanapaswa kutengana na ya kaka zake. Mafundisho ya Kiislamu yanataka hivyo mtoto afikapo miaka kumi, na familia nyingi zisizo za Kiislamu zinafuata utaratibu huohuo. Zaidi ya hapo, wa miaka 5 analala saa mbili usiku wakati dada yake bado yuko kwenye madaftari, na mmoja akipata mafua au upele, wote wanaupata.

Sasa tuwapange watu. Baraza ikitazama mashariki, vyumba vya kulia kwako unapoingia viko kaskazini na vya kushoto viko kusini. Upepo wa kusi, unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, unagonga madirisha ya kushoto. Kaskazi, Desemba hadi Machi, inatoka kaskazini-mashariki na kuvipa nafuu vyumba vya kulia. Ukuta wa nyuma, ule wa upande wa uani, unapigwa na jua la alasiri na kuutoa ule moto usiku, wakati mnaotaka kulala. Kwa hiyo chumba cha kulia nyuma, ambacho mume wako alitaka kiwe sehemu ya chumba cha watoto, ndicho kibaya kuliko vyote kwa kulala: kina ukuta wa magharibi na hakipati kusi.

Ningepanga hivi. Kushoto mbele, ninyi wazazi na mtoto mchanga. Kina kuta mbili za nje, na dirisha lake la barazani linafaa kuwa mikononi mwa watu wazima. Msimweke binti kwenye dirisha ambalo watu wanakaa chini yake hadi usiku. Kushoto katikati, wavulana wawili. Kushoto nyuma, binti na bibi yake. Hapo bibi yuko karibu na mlango wa uani, hana korido ndefu ya kutembea gizani akienda chooni, na dirisha la kusini linawapa upepo. Ukuta wao wa magharibi uwekewe kivuli: kama uani hakuna kibaraza kilichoezekwa, ongezeni bati la kutoka nje futi nne kwenye ukuta huo. Kulia mbele pawe sebule, kulia katikati chumba cha kusomea chenye meza na kabati za nguo, kulia nyuma stoo na kupigia pasi. Mvulana mkubwa akifika miaka kumi na mbili au kumi na tatu, anahamia kile cha kusomea bila kuvunja hata tofali moja.

Najua utauliza kuhusu chumba cha kati cha wavulana, kwa sababu kina ukuta mmoja tu wa nje na vyumba vya kati vinajulikana kwa joto. Dirisha moja haliingizi upepo kama hewa haina pa kutokea. Dawa yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: kwenye ukuta wa korido, juu, toeni matofali mawili na kuweka matofali ya matundu. Matofali hayo mawili yasiwe jirani. Acheni angalau tofali moja zima kati yake, na msiguse tofali lililo moja kwa moja chini ya mbao ya paa wala lile lililokalia lenta ya mlango. Fundi atumie tindo na nyundo ndogo, akate kwanza lipu na udongo wa viungo kuzunguka tofali lote, ndipo alivute. Akilipiga katikati kwa nyundo kubwa, analegeza na majirani zake. Upande wa korido gongeleeni wavu wa mbu. Korido yenyewe ikiwa na mlango wa grili mbele na mwingine nyuma, inavuta hewa kutoka kila chumba. Fanyeni vivyo hivyo vyumba vyote vitatu vya kushoto.

Mlango wa ndani kati yenu na wavulana naupendekeza sana, kwa sababu mtoto wa miaka 5 akiamka usiku na homa utamsikia na kumfikia bila kuzunguka koridoni. Lakini nao ni tundu ukutani, na lina masharti yake. Kama huko darini kuna kijiti kilichokalia ukuta huu juu ya mahali pa mlango, sogezeni mlango. Tundu likae si chini ya sentimita 60 kutoka kona. Kwa fremu ya kawaida, upana wa tundu ni kama sentimita 90, hivyo lenta iwe na urefu wa sentimita 130 ili ikalie ukuta sentimita 20 kila upande. Lenta inayokalia sentimita tano ndiyo inayoacha ufa wa mshazari kutoka kona ya mlango hadi juu.

Ni vizuri zaidi lenta isukwe na kumwagwa chini, uani. Kwa ukuta wa inchi 6, iwe na upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 20. Nondo nne za milimita 12, ringi tisa za milimita 6 au 8 zikipishana kila sentimita 15, na nondo zifunikwe na zege si chini ya sentimita mbili na nusu kila upande. Zege ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto; robo ya mfuko wa saruji inatosha kwa lenta moja. Ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba na isiguswe hadi siku ya kumi na nne. Uzito wake unakaribia kilo 95, kwa hiyo andaeni watu wanne wa kuipandisha. Ukutani, fundi akate kwanza nafasi ya lenta peke yake, aiingize, ajaze viungo kwa saruji na kuacha siku saba. Ndipo afungue tundu chini yake, akianzia juu kushuka. Mafundi wengi wanafanya kinyume: tundu kwanza, lenta baadaye, na ukuta wa juu unabebwa na mirunda miwili kwa siku kadhaa. Simamieni hili wenyewe.

Turudi kwenye chumvi, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ule unga mweupe ukutani ni chumvi inayoletwa na maji yanayopanda kutoka ardhini. Nyumba za zamani mara nyingi hazikuwekewa nailoni wala lami kati ya msingi na ukuta, na baadhi ya zilizo karibu na bahari zilijengwa kwa mchanga wenye chumvi tangu mwanzo. Watu wanaparua, wanapiga lipu ngumu ya saruji tupu, wanapaka rangi ya mafuta kimo cha mita moja ili mikono ya watoto isichafue, na baada ya masika mawili unyevu umetokea juu ya ile rangi. Maji hayakuondoka. Yalizibiwa njia ya kutokea, yakapanda hadi yalipoipata.

Anzeni nje. Pimeni usawa wa ardhi dhidi ya sakafu ya ndani. Katika nyumba ya zaidi ya miaka hamsini, uani hujazwa na kusakafiwa tena na tena, na mwisho wake ardhi ya nje inakuwa juu kuliko sakafu ya chumba. Chimbeni ishuke hadi sentimita 15 chini ya sakafu, na mvua ya paani ielekezwe mbali na ukuta kwa mfereji. Kisha ndani, chimbueni lipu yote hadi sentimita 50 juu ya mstari wa unyevu unaoonekana, mpaka tofali lenyewe. Pigeni brashi kavu kuondoa chumvi, mkusanye na kuitupa. Msioshe kwa maji, kwa sababu inarudi ndani ya tofali. Acheni ukuta wazi ukauke wiki sita hadi nane za jua. Lipu mpya iwe ya saruji moja, chokaa moja na mchanga sita, mchanga wa mto uliooshwa. Chokaa ndiyo inayoifanya lipu ipumue. Rangi iwe ya maji, na kama mnataka inayofutika, tumieni ile ya maji yenye mng'ao kidogo, lakini baada ya ukuta kupita msimu mmoja wa mvua bila chumvi kurudi. Vitanda vikae sentimita 10 kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite nyuma yake.

Kabla hamjagusa rangi ya zamani, hasa ya mafuta kwenye milango, madirisha na ule mkanda wa chini, chukulieni kwamba ina madini ya risasi. Nanyi mna mtoto wa miezi 10 anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Vumbi la risasi linaathiri ubongo wa mtoto, na hata kiasi kidogo kinadhuru. Msipige msasa mkavu, msichome rangi kwa moto. Ilowesheni, iparueni ikiwa mbichi, tandikeni nailoni sakafuni, kisha kunjeni nailoni pamoja na maganda na kuyatupa. Sakafu ifutwe kwa tambara la maji na sabuni mara mbili. Ufagio unarusha vumbi tu. Watoto wasiwepo kabisa nyumbani siku hizo, na nguo za fundi zisifuliwe pamoja na zao.

Angalieni pia kama kuna chumba chenye dari la bodi ngumu za kijivu, nzito, zinazofanana na saruji. Zinaweza kuwa za asbesto. Kama ni nzima, zipakeni rangi na kuziacha. Msizitoboe, msizikate, msizivunje. Kama zimepasuka, ulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu wa kuziondoa kabla mtu yeyote hajazigusa.

Umeme uje kabla ya dari, kwa sababu nyaya za zamani zimepita juu na panya wamezifikia. Nyumba ya zama zile mara nyingi ina nyaya mbili tu bila ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Mtafuteni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apitishe nyaya upya: milimita 1.5 za mraba kwa taa, 2.5 kwa soketi, ethi rodi ardhini, na kwenye meini kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30. Hicho ndicho kinachomwokoa mtoto aliyeingiza msumari kwenye soketi. Soketi mbilimbili kila chumba zinatosha, zisiwe kichwani mwa kitanda. Taa ya korido iwe na swichi mbili, moja karibu na chumba cha bibi na nyingine karibu na chenu, na taa ya uani iwashwe kutokea ndani.

Kisha dari. Bila dari, joto la bati linawashukia watoto moja kwa moja, na sauti inaruka juu ya kuta kutoka chumba hadi chumba. Ukikohoa mbele wanakusikia nyuma. Kwa chumba cha futi 10 kwa 12, bodi za jipsamu za futi 4 kwa 8 zinaingia hivi: safu tatu, kila safu bodi moja nzima na kipande cha futi mbili. Vipande vitatu vinatoka kwenye bodi moja, jumla bodi nne. Nunueni tano kwa sababu moja huvunjika njiani. Mbao za 2 kwa 2 zilizopakwa dawa ya mchwa zipangwe kila futi mbili. Acheni matundu yenye wavu kwenye ncha za paa ili joto lililo juu ya dari litoke. Na uvujaji wote uzibwe kwanza, kwani jipsamu iliyolowa haisubiri mwaka.

Tumefika kwenye dabo deka, na hapa namwomba mume wako avumilie. Chumba cha futi 10 kwa 12 hakihitaji dabo deka kwa watoto wawili. Vitanda viwili vya futi 3 kwa 6, kila kimoja upande wa ukuta mrefu, vinaacha njia ya zaidi ya futi tatu katikati. Kila mmoja anapata chandarua chake cha mstatili kilichofungwa kwenye ndoano nne na kuchomekwa chini ya godoro. Kwenye dabo deka, chandarua cha chini huning'inia vibaya na cha juu hung'oka kila asubuhi mtoto anaposhuka.

Lipo pia suala la pangaboi. La inchi 56 likifungwa katikati ya chumba chenye upana wa futi 10, ncha ya panga inafika kama futi mbili na inchi nane kutoka ukutani. Dabo deka iliyoegemea ukuta huo ina upana wa futi tatu. Maana yake panga linazunguka juu ya ukingo wa kitanda cha juu, na mtoto akikaa wima au kurusha mkono, linampata. Kama vitanda vya ghorofa vimeshanunuliwa, fungeni feni ya ukutani upande wa pili wa chumba na msahau pangaboi. Mtoto chini ya miaka sita asilale juu. Ukingo wa juu uzunguke pande zote, ukiwemo wa ukutani, na uinuke si chini ya sentimita 16 juu ya godoro. Godoro la inchi 4 linafaa, la inchi 8 linaumeza ukingo. Nafasi kati ya vyuma au mbao za ukingo isizidi sentimita 7.5, la sivyo mwili unapita na kichwa kinabaki.

Kwa kitanda cha mtoto mchanga, nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, na godoro libane pande zote. Chumba cha binti na bibi kigawanywe kwa pazia kwenye bomba la dari badala ya kabati. Pazia halizuii upepo na halimwangukii mtu. Kabati zote za nyumba zifungwe ukutani juu, kwa fisha (plagi za kushika skrubu) ndefu zinazoingia ndani ya tofali. Lipu ya zamani ni mchanga mtupu na haishiki skrubu. Mtoto wa miaka 5 hupanda droo kama ngazi.

Grili za madirisha najua hamtaziondoa, na mna haki. Lakini kila chumba cha kulala kiwe na grili moja ya bawaba, yenye uwazi usiopungua sentimita 45 kwa 75, inayofunguka kutoka ndani. Moto ukianzia koridoni, dirisha ndiyo njia pekee iliyobaki. Kama ni lazima kufuli, ufunguo utundikwe mahali pamoja palepale, mtoto wa miaka 9 anapofikia na mkono wa mwizi kutoka nje haufiki, na wavulana wafundishwe kulifungua gizani.

Kuhusu ratiba: bati na mifereji, kisha kuchimbua lipu, halafu matundu na mlango wakati ukuta unakauka, nyaya, lipu mpya, dari, rangi, vitanda. Ukianza Desemba mwishoni, ukuta unapata Januari na Februari nzima za kukauka kabla ya masika. Ukianza Machi, utapiga lipu juu ya ukuta mbichi. Fanyeni upande wa kushoto wote kwanza huku mkilala kulia, mhamie, ndipo mguse vya kulia. Rangi mpya iachiwe madirisha wazi wiki nzima kabla mtoto wa miezi 10 hajalala humo.